Mpwa Wangu, Usiogope Kukata

Kariakoo, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

 

Filamu yako nimeitazama, nikairudia. Una jicho. Pale mchukuzi anapovuta mkokoteni wa majora ya vitenge Mtaa wa Kongo, hukumkimbilia usoni. Umebaki na mkono wake ulioshika mpini, kidole gumba kimefungwa kitambaa, huku "oya, pisha!" zikisikika bila wasemaji kuonekana. Hakuna aliyesema kazi ni ngumu, na kila mtu ameelewa. Mwendo wa pole hapo ni halali, maana kadiri tunavyotazama ndivyo tunavyozidi kumjua.

Akifika sokoni ndipo filamu inapolegea. Droni inapopaa juu ya paa la soko lenye umbo la miavuli, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, mara ya kwanza nimefurahi. Mara ya tatu nauliza mchukuzi yuko wapi. Nyumbani anapanda ngazi, anatafuta ufunguo, anafungua, anafunga, na hadithi imesimama. Tena mama yake anapougua, kinanda kinatuamuru tulie kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Yule mama anajua kuigiza, mwachie ukimya.

Najua tabia hiyo ya kurefusha ilikotoka. Enzi nilipouza DVD hapa Kariakoo, hadithi moja iligawanywa Sehemu ya Kwanza na ya Pili ili mteja anunue mara mbili. Ndiyo maana kamera ililifuata gari barabarani mpaka lilipoegeshwa. Urefu ulikuwa biashara. Wewe hakuna anayekulipa kwa dakika. Mzigo huo unaubebea nini?

Itazame filamu ya Shoeshine ya Amil Shivji, ya 2013: kijana anapiga viatu kiwi, na jiji linamjia palepale alipo. Nawe tulia na mchukuzi wako.

Kila kipande kiulize: nikikutoa, mtazamaji atakosa nini? Kikikosa jibu, kitoe, hata kama kilikugharimu siku nzima juani. Kisha waonyeshe watu wa sokoni wasioijua hadithi, si rafiki zako. Usitazame skrini, watazame wao. Mkono unapokwenda kwenye simu, hapo ndipo pa kukata.

Dakika 18 zikibaki 11, usihuzunike. Ipeleke kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Unguja. Nauli ya boti nitakuchangia.

Mjomba wako akupendaye.