Mwana Aliyerudi Pepa na Sauti ya Ng'ambo

Kutoka Moba, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, njia ya Pepa hupanda tu. Joto la ziwani huachwa nyuma, na baada ya saa nyingi za kutikiswa juu ya magunia, msafiri huona majani mafupi, ng'ombe na mashamba ya viazi, naye huanza kutafuta koti. Hizi ndizo nyanda za juu za Marungu, ambazo vilele vyake hupita mita 2400. Mimi nilizaliwa huko. Hata hivyo, siku niliporudi, dereva aliniuliza kwa adabu: "Bwana Mtanzania, unakwenda kwa nani?"

Sikukasirika, kwani mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kukosea vivyo hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vita vilifika Pepa, vikashuka hadi Pweto. Mama na mdogo wangu walikimbilia Zambia, kambi ya Kala. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nilivushwa ziwa na mjomba, tukapokewa Lugufu, mkoa wa Kigoma. Baadaye nikaenda kusoma Tabora, na huko nikakaa. Kambi ya Kala ilipofungwa mwaka 2010, Mama alikuwa amekwisha kurudi kwao, ndipo siku moja akapata simu ya kuazima.

"Mama, ni mimi hapa," nikasema.

Kimya. Kisha: "Bwana, mupatie mutoto wangu iyo simu."

Nikamtajia majina ya ndugu zangu wote. Akajibu: "Majina, mutu anaweza kujifunza." Nilipomkumbusha ng'ombe wetu wa pembe moja, aliyempiga teke siku ya mvua, ndipo alipolia.

Msomaji mpenzi, sauti ya mtu hupoteaje namna hiyo? Kwangu mimi ilianza na herufi mbili. Katika shule moja ya bweni nilisoma kwa sauti, "Mutoto amekula mukate," darasa zima likacheka. Hakuna aliyenipiga, kicheko kilitosha. Nikajifunza kufunga midomo na kusema "mtoto", m ikisimama peke yake. (Wachekaji hao hawakujua kwamba "mu" ndiyo ya kale, na kwamba watu wa pwani ndio walioiangusha ile u.) Kisha nikaitia h katika "apa" na "abari". Hayo niliyabadili kwa kusudi, kwa sababu ya haya. Lakini wimbo wa maneno, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, sikuugusa kamwe. Kumbe nao ulibadilika wenyewe, mwaka baada ya mwaka, nami sikusikia.

Wala si jambo la watoto tu. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Sancier na Fowler, walichapisha uchunguzi juu ya mwanafunzi mmoja wa Brazil aliyekuwa akienda na kurudi kati ya nchi hizo mbili. Walipima alivyotamka p na t. Baada ya miezi kadhaa ya kukaa Marekani, hata Kireno chake, lugha ya mama yake, kilikuwa kimeegemea matamshi ya Kiingereza. Akikaa kwao Brazil, kilirudi.

Basi nyumbani Pepa Mama alinipa kiti chenye mgongo, akazungumza nami polepole, akichagua maneno kama mbele ya mgeni wa serikali. Mdogo wangu, aliyekulia kati ya Wababemba, husema "balabala" badala ya "barabara", lakini yeye hakupewa kiti. Jambo hilo liliniuma kuliko kicheko cha Tabora. Nikajaribu kusema "mutu" na "mukate" kwa nguvu. Watoto wa jirani wakaniiga, wakidhani ninawadhihaki.

Nikaacha kujaribu. Juma la tatu, asubuhi ya baridi kali, nilipiga kelele kutoka jikoni bila kufikiri: "Mama, maji imeisha ku mutungi!"

Mama hakusema neno juu ya hilo. Alinipa ndoo, na niliporudi kutoka mtoni akanipa jembe, tukaenda kuchimba viazi.