Mhina wa Bibi, Makangale

Atokaye Konde kwenda Makangale, kaskazini ya Pemba, hupita ndani ya Msitu wa Ngezi. Mivule huficha jua, na ghafla mtu huhisi ubaridi. Msitu huo umehifadhiwa. Si ruhusa kwa mpita njia kukata hata tawi. Pengine ndiyo sababu nilifika kwa shangazi nikiwa na moyo wa kuogopa panga.

Nilikuwa nimeitwa kuukata mhina. Uliopo uani kwake ulipandwa na marehemu bibi, na tangu mwenyewe arejee kwa Mola wake, hapana aliyethubutu kuugusa. Ulikwenda juu ukapita paa. Chini palibaki vijiti vikavu na miiba, maana matawi makongwe ya mhina huota miiba, na majani yakawa mbali na mikono. Harusi ya binti wa nyumba hiyo ilikuwa baada ya masika, na hina ilikuwa ikinunuliwa dukani.

"Shangazi, je, tukiukata ukafa?"

"Mwanangu, nusu yake umeshakufa kwa sababu ya kuuonea huruma. Tumefunzwa kwamba apandaye mti huandikiwa sadaka kwa kila anufaikaye nao. Haya, majani yasiyofikiwa yanamnufaisha nani?"

Si kila mti huvumilia mkato mkali, lakini mhina huvumilia. Kule Rajasthan, India, wakulima huukata kwa mundu karibu na ardhi wakati wa mavuno, nao huchipua tena mwaka hadi mwaka.

Tulichagua siku za mwisho kabla ya mvua za masika, kwani mti uliokatwa huhitaji maji ili uchipue. Kwanza tuliondoa vijiti vyote vikavu hadi kwenye shina, kisha matawi yaliyokuwa yakisuguana. Yaliyobaki, manene na mazima, tuliyakata kwa msumeno kiasi cha shibiri mbili kutoka ardhini, mkato ukiwa mshazari ili maji yasituame. Tukaweka samadi kuuzunguka, isiguse shina. Jioni ile uani palikuwa peupe kabisa. Shangazi alipatazama, kisha akaingia ndani pasi na kusema neno. Nami nilirudi Wete nikihofia kwamba nimeifuta kumbukumbu ya bibi kwa mkono wangu.

Mvua ilinyesha. Nilipokwenda tena, wiki ya harusi, mhina ulikuwa umefika kifuani, umesongamana machipukizi mabichi yasiyo na miiba. Majani machanga ndiyo yenye rangi kali zaidi. Shangazi aliyachuma akiwa amesimama chini, bila ngazi wala ngoeko, akayatwanga kinuni na kuyakamulia ndimu.

Wa kwanza kupakwa hakuwa bibi harusi. Shangazi alijipaka yeye kidole kimoja, akanyanyua mikono na kumwombea mama yake rehema. Ndipo akamwita binti yake.