Mchezo na Pesa Katika Mfuko Mmoja

Watu wa rika langu hapa Nakuru tulikuwa tukiuma betri. Redio ilipoanza kukwaruza na sauti kufifia, uliyatoa mawe ya betri, ukayauma kiunoni mpaka meno yakaacha alama, ukayarudisha, na taarifa ya habari ikasikika mpaka mwisho. Wenye subira waliyaanika juani juu ya mabati. Mimi nilikuwa fundi wa redio, kwa hiyo siwezi kuwacheka: betri iliyoumwa huvuja, ikivuja hula shaba, na shaba iliyoliwa ndiyo iliyowalisha wanangu.

Betri hizo zilitoka hapa hapa. Kiwanda cha Eveready kilikuwa mjini mwetu, na ungeweza kupanga foleni dukani nyuma ya mtu aliyeitengeneza betri ya redio yako. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Kampuni iliona ni nafuu kuziagiza betri kutoka nje kuliko kuzitengeneza. Nalitaja jambo hilo mapema kwa sababu wazee wenzangu wanapozungumzia vijana na vyombo vyao, husema kana kwamba vijana ndio waliokifunga.

Malalamiko yenyewe nayajua kwa moyo. Kwamba hawalali. Kwamba wanashinda wakibishana kuhusu simu ambazo hawana pesa za kuzinunua. Kwamba wanajua ni msanii gani ameachana na nani, lakini hawajui bei ya mahindi. Nakubali hayo yote, ila nauliza sisi tulikuwa tukibishana kuhusu nini. Pale kwenye meza yangu ya kazi niliwaona watu wazima, wenye wake na mashamba, wakikaribia kukunjiana mashati kwa sababu mmoja amesema Philips inashika mawimbi kuliko National. Hakuna aliyekuwa ameifungua hata moja. Mimi niliyekuwa nimezifungua zote mbili sikuulizwa. Leo mjukuu wangu anamfuata kijana fulani wa YouTube anayekagua simu, anasema kamera ya Infinix imeipiku ya Tecno, mwenzake anamjibu kwa Samsung, na mimi najihisi nimerudi kazini.

Umbeya nao haukuletwa na intaneti. Gazeti la Taifa Leo lilipofika nyumbani, kurasa za siasa zilingoja mpaka tumemalizana na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau. Siku ya kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, nyumba yenye televisheni ilijaa majirani mpaka wengine wakabaki dirishani, na kesho yake kazini hakuna aliyejadili bajeti ya serikali. Tulijadili Mzee Ojwang' amemfanyia nini Mama Kayai. Halafu palikuwa na salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya watu ishirini, akaituma redioni, akakaa wiki nzima akingoja jina lake litajwe. Mtu anayengoja sifa za wasiomjua si mgeni kwangu, hata kama siku hizi anazihesabu kwa kidole.

Ukitaka kujua mchezo umekaa miaka mingapi katika nchi hii, panda Hyrax Hill, pale kando ya barabara ya Nairobi, kabla hujafika Lanet. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937, akakuta makaburi na masalio ya makazi ya watu wa kale. Lakini kinachowasimamisha watoto wa shule wakipelekwa ni mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, safu kwa safu. Mtu aliacha kazi yake, akakaa akilitoboa jiwe kwa jiwe ili apate pa kuchezea. Sina shaka palikuwa na mzee nyuma yake akilalamika kwamba ng'ombe hawajanyweshwa.

Kwa hiyo mchezo siupigi vita. Nimekwenda hata kwenye vibanda vya PS, yaani PlayStation, kule mitaa ya Kaptembwo na Free Area, nikapewa nafasi kwenye benchi kwa heshima ya mvi. Ni chumba cha mabati, televisheni mbili tatu, pedi zilizofungwa kwa utepe mweusi mahali zilipopasuka, na mpira wa kwenye skrini ambao wachezaji wake hutoka jasho kama wa uwanja wa Afraha. Kibanda cha jirani kinaonyesha filamu za DJ Afro, ambaye huzichukua picha za mapigano za kigeni na kuzisimulia kwa lugha yetu ya mtaani mpaka mwigizaji wa Hong Kong anaonekana kama amekulia Bondeni. Kwenye mpira, mara nyingi anayefungwa ndiye anayelipia. Nilipomwambia kijana wa pale kwamba huko si mbali na kamari, alicheka: "Guka, hapa nikiishiwa naamka naenda. Mwenye kibanda ananijua, hanikopeshi."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko alivyotaraji, kwa sababu linaonyesha mahali ambapo maisha yake yametofautiana na yangu. Kwenye kibanda, shilingi ishirini hutoka mfukoni kwa mkono, watu wanaona, na zikiisha zimeisha. Anayezipokea analipa kodi ya chumba hapa hapa Nakuru na kununua chapati kwa mama wa mlango wa pili. Katika ujana wangu mambo yalikuwa yametawanyika zaidi ya hapo. Redio ilikuwa kwenye rafu sebuleni, na kitufe kilikuwa cha baba. Pesa zilikuwa kwenye kopo au benki, na benki ilifungwa mchana. Mkopo ulikuwa kwa mtu, naye mtu huyo alikutazama usoni kabla ya kukupa. Kati ya kila kimoja na chenzake palikuwa na mwendo wa miguu. Wakati unatembea, hasira hupoa, tamaa hupoa, na unakutana na shangazi anayekuuliza unakwenda wapi.

Simu imeufuta mwendo huo. M-PESA ilipokuja mwaka 2007 niliishangilia, na bado naishangilia: ilimwondoa mama wa Molo kwenye safari ya matatu ya kumpelekea mwanawe karo. Ila kwenye chombo hicho hicho, bila kuinuka kitandani, sasa kuna mkoba, mkopeshaji, gazeti la umbeya, uwanja wa mpira na meza ya kamari. Angalia ule mchezo wa ndege wanaouita Aviator. Ndege inapaa, na kadiri inavyopaa malipo ya dau lako yanaongezeka; ubonyeze uchukue chako kabla haijatoweka. Hauhitaji ujuzi wowote. Hauna jirani wala benchi. Kijana anaucheza kwenye matatu, anaucheza chooni, akiishiwa anakopa kwa programu ya mkopo, na mkopo unaingia palepale ulipo mchezo. Mwezi Aprili 2025 bodi ya serikali ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Tangazo lilisimama, ndege ikaendelea kupaa.

Kuna jambo jingine ambalo ni fundi tu anayeweza kukasirikia ipasavyo. Redio iliyokufa niliweza kuifungua. Nilitafuta transista iliyoungua, nikalehemu nyingine, ikafufuka, na mwenyewe akajua amelipia nini. Siku hizi kijana anayetengeneza simu karibu na stendi huletewa simu nzima kabisa, kioo hakina ufa, betri imejaa, lakini imefungwa kwa sababu mwenyewe, aliyeichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, amechelewesha malipo. Haina ugonjwa. Amri imetoka mbali, nayo imetii. Kijana anaigeuza mkononi, kisha anamrudishia mwenyewe bila kufungua skrubu hata moja. Najua bila mkopo huo wengi wasingewahi kushika simu. Baba yangu naye alikishika kitufe cha redio peke yake na hatukuthubutu kukigusa, lakini tulilala naye nyumba moja na tungeweza kumbembeleza.

Nimewazungumzia wavulana mpaka hapa, na ndivyo wazee tufanyavyo. Wasichana hawakukigusa kitufe cha redio, na kwenye vibanda vya PS ni nadra kuwaona. Wao simu imewapa kitu ambacho mitaa yetu haikuwapa, mahali pa kuongea bila kuambiwa nyamaza, na katika hilo naona faida kubwa kuliko hasara. Aprili hiyo hiyo ya 2025 wanafunzi wa Butere Girls walikuja hapa Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la drama, na mchezo wao wa Echoes of War. Mwandishi wa mchezo huo, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Wao walikuwa wamezuiwa, lakini mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Wakapanda jukwaani bila vyombo vya sauti na bila watazamaji wa maana, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka, na nje moshi wa kutoza machozi ukafuka. Kuna wazee walioniambia mabinti hao wameharibiwa na TikTok. Mimi niliona watoto waliojua sheria kuliko wakubwa wao. Kama TikTok ndiyo iliyowafunza, basi tuitafutie cheti cha ualimu.

Majuzi, kwenye kikao cha Nyumba Kumi, ililetwa barua ya kumwomba chifu avifunge vibanda vyote vya PS mtaani, kwa sababu vinapoteza vijana. Sikutia sahihi. Nilisema visipokee watoto wa shule saa za masomo, na mwenye kibanda atakayepokea afungiwe. Hilo liandikwe, nitatia. Lakini kukifunga kibanda ni kumtoa kijana kwenye benchi lenye watu kumi wanaomjua na kumrudisha chumbani peke yake na simu. Nikaomba tuandike barua nyingine, kwa mbunge wetu, kwamba mtu asiweze kuingiza kwenye kamari pesa alizokopa kwa simu usiku huo huo. Pakae angalau siku moja kati ya mkopo na dau. Mwenyekiti akauliza kama jambo hilo linawezekana kiufundi. Nikamwambia wanaoweza kuifunga simu iliyo mfukoni mwa mtu wa Rhonda kwa sababu hajalipa shilingi hamsini hawawezi kushindwa na hilo.

Barua ya kwanza imekusanya sahihi nyingi. Ya pili ina yangu na ya mama mmoja wa Kivumbini, na kikao kijacho naibeba tena.