Fainali Aliyoikosa Babu

Mkisikia kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne ni mshabiki wa michezo mtadhani mara moja kuwa ni mtu wa Simba au wa Yanga. Mimi sivyo. Mimi ni mshabiki wa tenisi, tena ile ya wanaume wanaocheza kwa malipo huko Ulaya na Marekani, ingawa katika miaka yangu kumi na saba nimeshika raketi mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa mali ya mtu mwingine. Wenzangu bwenini hunicheka sana. Husema, mtu gani huyu anapenda mchezo asioujua kucheza? Nami huwajibu kwamba wao pia hawajapata kuichezea Yanga hata siku moja, lakini ikifungwa hawali.

Mapenzi haya niliyapata kwa babu yangu mzaa baba, anayekaa Isevya, hapa hapa Tabora, pamoja na shangazi. Wazazi wangu wako Urambo, kwa hiyo babu ndiye mzazi wangu wa karibu nikiwa shuleni. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mwaka 1957, alikuwa mwokota mipira katika uwanja wa tenisi waliochezea Wazungu wa serikali. Uwanja wenyewe, anasema, ulikuwa wa udongo wa kichuguu uliotwangwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Kazi yake ilikuwa kukimbilia mipira, kuirudisha na kunyamaza. Mwokota mipira hakuruhusiwa kusema neno. Hata kama ameuona mpira umeangukia nje kabisa, alisubiri mwenye kuhesabu aseme. Raketi hakupewa kamwe. Alichokitoa pale ni senti zake chache na hesabu ya mchezo, ambayo mpaka leo huisema kwa matamshi yake mwenyewe: lavu, fiftini, thati, foti, dyusi.

Baadaye babu alifanya kazi katika reli mpaka alipostaafu, lakini tenisi haikumtoka. Ni yeye aliyenieleza kwamba mashindano ya Wimbledon yalianza mwaka 1877 kwa wachezaji 22 tu, na kwamba mpaka mwaka 1968 hapakuruhusiwa pale mtu anayecheza kwa malipo, ila wa ridhaa. Ni yeye pia aliyenieleza habari za Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyechukua kombe la Wimbledon mwaka 1975, na jinsi Ashe huyo alivyomwona kijana mmoja kule Yaoundé, Kameruni, mwaka 1971, akampendekeza apelekwe Ufaransa kufundishwa. Kijana yule alikuwa Yannick Noah, naye akashinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1983. Babu akifika hapo husimama kidogo, kisha hunitazama kama kwamba yeye ndiye aliyemlipia Noah nauli.

Nasema hunitazama, lakini siku hizi babu haoni vizuri. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Televisheni ya shangazi kwake ni mwanga tu unaochezacheza. Kwa hiyo tukitazama tenisi pamoja, mimi ndiye macho yake. Namweleza mpira ulipo, nani kaukimbilia, umeanguka ndani au nje, naye hutoa hesabu kwa sauti. Ndivyo tulivyofanya kwa miaka miwili. Yeye alimpenda Carlos Alcaraz, yule Mhispania, kwa sababu nilimwambia kwamba hucheka katikati ya mchezo. Mimi nilimpenda Jannik Sinner, Mwitaliano, ambaye hacheki wala hanuni, bali hupiga mpira kama fundi anayepiga msumari.

Sasa nitaeleza jambo ambalo sikupata kumwambia mtu, na ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Shule ilipofungwa mwezi wa Juni mwaka 2025 sikwenda Urambo mara moja. Nilibaki Isevya kwa ajili ya fainali ya Ufaransa, iliyochezwa Jumapili tarehe 8, kati ya Sinner na Alcaraz. Ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu. Sinner akachukua seti ya kwanza 6–4, na ya pili 7–6. Nilifurahi, na babu alinitania kwamba furaha ya mapema humfaa mwenye harusi tu. Alcaraz akachukua ya tatu 6–4. Basi tukaingia seti ya nne, na jua limekwisha kuzama, na mimi ninasema tangu saa kumi bila kupumzika. Koo limekauka. Kila mpira babu anauliza: “Umepigwa kwa mkono gani? Alikuwa amesimama wapi? Kakimbia au kaacha?” Nilikuwa nikijibu kwa mkato, na baadaye kwa kunung'unika.

Katika seti hiyo ya nne Sinner akawa anaongoza kwa gemu 5 kwa 3, na Alcaraz ndiye wa kuanzisha mpira, na hesabu ikawa lavu foti. Maana yake ni kwamba Sinner alihitaji pointi moja tu, tena alikuwa na nafasi tatu za kuipata. Wakati huo huo adhana ya Isha ikasikika, na jirani anayemshika babu mkono kwenda msikitini akabisha hodi. Babu akachukua fimbo yake, akaniuliza, “Imekwisha?”

Nikasema, “Imekwisha, babu.”

Haikuwa imekwisha, nami nilijua. Sikukosea hesabu. Nilitaka kuiona pointi ya mwisho peke yangu, kwa macho yangu, bila kuulizwa mkono wala mguu. Babu alisema tu, “Haya, hongera, mume mwenzangu,” akatoka.

Kumbe! Alcaraz aliiokoa ya kwanza, akaiokoa ya pili, akaiokoa ya tatu. Akaishinda gemu ile, akamnyang'anya Sinner gemu aliyokuwa akianzisha yeye ili amalize, na seti ikaishia kwa Alcaraz 7–6. Nilisimama katikati ya sebule na mikono kichwani. Sinner wangu alikuwa anateleza, lakini si hilo lililoniumiza zaidi. Kila pointi nilisikia moyoni hesabu ambayo haikuwa na mtu wa kuitoa.

Babu alirudi seti ya tano inaendelea. Alisimama mlangoni akisikiliza kelele za watu wa Paris.

“Bado wanacheza?” akauliza.

“Wamefufuka, babu,” nikasema.

Akaketi. Nikaanza kumweleza upya, tena kwa bidii kubwa kuliko mwanzo, mkono gani, amesimama wapi, yote. Lakini hakuhesabu. Hakusema fiftini wala thati. Alishika fimbo yake magotini, uso ameuelekeza ukutani, mpaka Alcaraz aliposhinda katika hesabu ya mwisho ya kuvunja sare, 10 kwa 2. Mchezo ule ulichukua saa 5 na dakika 29, na hakuna fainali ya mashindano hayo iliyopata kuwa ndefu hivyo. Mtu aliyempenda alikuwa ameshinda, na babu alisema, “Hongera zake,” akaenda kulala. Kesho yake nilipanda basi la Urambo. Nilisema shikamoo na kwaheri, nikaondoka bila kusema nililopaswa kusema.

Julai tulirudi shuleni. Hapa shuleni simu haziruhusiwi, na sitaki kulalamika juu ya hilo, maana mtihani wa taifa ni Novemba na najua hali yangu katika hesabu. Lakini mshabiki wa tenisi asiye na simu ni kama mtu wa zama za misafara. Mwaka jana tulipelekwa na mwalimu wa historia mpaka Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi. Pale nilijifunza jambo lililonikaa sana kichwani. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alimpa mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko ule ulitoka Unguja ukafika hapa Unyanyembe ukakwama, maana ndio wakati Mirambo alipopigana na Waarabu na kuifunga njia ya Ujiji. Mwaka mzima barua zilikaa njiani. Na kwa kinywa cha Stanley ndipo Livingstone alipopata habari za kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, jambo lililotokea mwaka 1869! Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, na sasa yamenipata.

Fainali ya Wimbledon ilichezwa Jumapili tarehe 13 Julai, na ilikuwa ni wale wale wawili. Saa kumi na mbili jioni, walipoanza, mimi nilikuwa nikipanga foleni ya ugali. Wakati wa kujisomea usiku kitabu cha kemia kilikuwa wazi mbele yangu, na sikuona kitu ila nyasi. Jumatatu nikamwendea mwalimu mmoja mpenda michezo, nikamwuliza kwa heshima kama amesikia habari za Wimbledon. Akanijibu kwa huruma, “Wimbledon? Kijana, ile timu ilishuka daraja zamani.” Nikamshukuru nikarudi darasani.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuja kunitembelea. Alileta karanga, maandazi, chupa ya asali, na bahasha ambayo alisema imetoka kwa babu. Ndani mlikuwa na vikaratasi vinne vilivyokunjwa, kila kimoja kina namba nje. Mwandiko ulikuwa wa binti wa shangazi, aliye darasa la sita. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya babu siku ile. Nilielewa mara moja. Babu hakutaka kunipa matokeo, alitaka nicheze mchezo wenyewe seti kwa seti. Nikaenda chini ya mwembe ulio nyuma ya bweni. Nilikwisha kujua kwamba hakukuwa na seti ya tano, lakini sikujua ni ya nani.

Nikafungua cha kwanza. “Alcaraz 6–4. Babu anacheka.” Nikasubiri kidogo, nikala karanga, kama wachezaji wanavyopumzika. Nikafungua cha pili. “Sinner 6–4.” Cha tatu: “Sinner 6–4. Babu hacheki.” Mikono ilikuwa inatetemeka, sisemi uongo. Mtu ambaye hajapata kumpenda mchezaji asiyemjua, wa nchi asiyoijua, hawezi kuelewa, nami sitajaribu kumweleza. Nikafungua cha nne.

Kilikuwa kimeandikwa: “Babu amekwenda kuswali Isha.”

Nilicheka kwa sauti mpaka kiranja akageuka kunitazama. Babu na mjukuu ni watani, na utani ule ulikuwa mkali na wa haki. Kisha sikucheka tena. Nilikikunja kikaratasi nikakitia katika kitabu changu cha kemia, na wiki nzima kilikuwa humo. Shangazi alikuwa amekwisha kuondoka, na sidhani kama angeniambia hata kama ningemkimbilia.

Jumamosi nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikapewa mpaka saa kumi na mbili jioni. Nikaenda Isevya kwa miguu. Babu alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Umepata barua zangu?”

“Nimezipata. Ya nne haikukamilika.”

“Hata yangu moja haikukamilika,” akasema.

Ndipo nikamwambia. Nilisema kwamba siku ile nilipomjibu kuwa imekwisha, haikuwa imekwisha, nami nilijua. Kwamba nilikuwa nimechoka kuulizwa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kulitamka. Babu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba alijua tangu alipofika mlangoni, kwa sauti yangu, na kwamba zamani, uwanjani, kulikuwa na mtoto mmoja aliyepayuka “Nje!” kabla ya mwenye kuhesabu, akafukuzwa kazi siku ile ile. Nikauliza kama mtoto huyo alikuwa yeye mwenyewe. Hakunijibu.

Matokeo ya Wimbledon niliyapata jioni hiyo hiyo, nisije nikamwacha msomaji kama nilivyoachwa mimi: Sinner alishinda seti ya nne 6–4, akawa Mwitaliano wa kwanza kushinda pale katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Lakini babu alikataa kuniambia mpaka kwanza nimlipe seti yake.

“Ilikuwa ngapi nilipotoka?”

“Gemu tano kwa tatu, Sinner anaongoza. Anaanzisha Alcaraz.”

“Lavu foti,” akasema babu, akaketi sawasawa. “Haya, endelea.”

Nikafumba macho ili nione vizuri. Nikamwambia Alcaraz ameurusha mpira juu, ameupiga, Sinner ameurudisha, pointi ya Alcaraz.

“Fiftini foti.”

Ya pili, ya Alcaraz tena.

“Thati foti.”

Shangazi akatoka na chai, akataka kuuliza kama nitakula kabla ya kurudi shuleni. Babu akamwashiria kwa fimbo anyamaze.