Kwenda Mpirani Sumbawanga

Oktoba 2020 Prisons waliifunga Simba 1-0 katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Hapa Kate bao lile bado linazungumzwa kuliko bei ya mahindi!

Watu huniuliza, "Bwana Shamba, twende kwa gari gani?" Kwenda si kazi. Kazi ni kurudi. Mpira wa saa kumi huisha karibu saa kumi na mbili. Jua linazama, na baridi ya Ufipa mnaijua. Ndipo watu hupanda lori, juu ya magunia. Jirani yangu alianguka hivyo. Mguu haujapona, na kulima kumefika.

Mimi huomba kwanza mahali pa kulala kwa ndugu, ndipo ninunue tiketi. Nauli ya kurudi naifunga katika kitambaa, mbali na fedha ya soda. Asubuhi napanda gari.