Manchester, mji wa roboti za wanafunzi

Kando ya Mto Merrimack, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, yamejipanga majengo ya matofali mekundu yaliyokuwa viwanda vya nguo vya Amoskeag. Humo sasa kuna makao ya FIRST, taasisi iliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989. Mashindano yake ya kwanza ya roboti, mwaka 1992, yalifanyika katika ukumbi wa sekondari mjini humo, yakiwa na timu 28.

Mchezo huchukua takriban dakika mbili na nusu. Roboti yenye gia ya mbio pekee ikisukumana na nyingine, mota hupata moto. Yenye gia ya nguvu pekee huachwa nyuma. Kwa hiyo baadhi ya timu huunda giaboksi ya gia mbili. Wanafunzi huhesabu meno ya gia, hutoboa bamba za alumini, kisha hufunga silinda ndogo ya upepo ya kubadilishia gia. Tundu likikosewa kidogo tu, gia hukwama.

Hapo mzazi hutamani kushika spana mwenyewe. Amwachie mtoto afungue, apime, atoboe upya. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini gia ilikwama amepata faida, hata timu ikishindwa.