Sauti ya Kuazima

Sampla ni mashine ya kukamata sauti. Unaipa mpigo mmoja wa ngoma, au neno moja la mtu, inauhifadhi, kisha unaupiga tena kwa kidole kila ukitaka, juu au chini, hata mara mia. Mimi sina sampla. Nilicho nacho ni vitu viwili ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Cha kwanza ni pedali ya mwangwi ya analogi, ya wapiga gitaa, niliyoinunua kwa kijana wa kwaya aliyekuwa anahama Bujumbura. Cha pili ni sintesaiza ndogo ya Korg inayoitwa Monotron, yenye ukubwa wa simu, inayotumia betri mbili nyembamba kama zile za rimoti. Ilitoka mwaka 2010. Haina vitufe vya kinanda, ina utepe tu wa kutelezeshea kidole. Lakini nyuma yake kuna tundu la kuingizia sauti kutoka nje, na ndani yake kuna kichujio cha aina ileile ya MS-20, sintesaiza kubwa ya kampuni hiyo ya mwaka 1978. Tundu hilo ndilo lililonifanya niitake. Na betri pia, maana umeme ukikatika mimi naendelea.

Ndani ya pedali mna kitu kinachofanya kazi kama mstari wa watu wanaopokezana karai. Sisi wa Burundi tumeusimamia mstari huo katika kazi za Jumamosi: mchanga unaondoka kwenye lundo, unapita mkono hadi mkono, unamfikia fundi kule juu. Mwaka 1969 wahandisi Sangster na Teer wa maabara za Philips, Uholanzi, walibuni mpango huohuo kwa umeme, wakaupa jina linalotokana na watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Sauti inakatwa vipande vidogo vya chaji. Kila kipande kinawekwa kwenye kapasita, na kila saa ya ndani inapopiga, kapasita inamkabidhi jirani yake mzigo. Sakiti yenye hatua 4,096, ikiendeshwa na saa inayopiga kama mara 6,800 kwa sekunde, inaichelewesha sauti kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Basi. Hiyo ndiyo kumbukumbu yote iliyomo. Na kama ilivyo kwenye karai, njiani kuna kinachomwagika. Milio ya juu ndiyo inayoondoka kwanza, na kinachofika mwisho kinafanana na sauti ya mtu kwenye simu ya mezani.

Pedali ina kizungushio cha marudio, ambacho huchukua kilichofika mwisho wa mstari na kukirudisha mwanzo. Kikiwa chini, unasikia mwangwi mara moja au mbili. Ukikipandisha, kuna mahali pembamba, pembamba kuliko punje ya mchele, ambapo sauti haifi na haikui. Inazunguka tu. Ukipapita kidogo, pedali inaanza kuunguruma yenyewe na kumeza kila kitu. Kwa hiyo mkono haubanduki pale. Kati ya ala na pedali nimefunga swichi ya taa, hii ya ukutani ya kawaida. Nawasha, mpigo mmoja unaingia, nazima. Sasa mpigo umo ndani unazunguka. Nikigeuza kizungushio cha muda, saa inaharakisha, karai zinakimbia, na mpigo unapanda kama uliopigwa kwenye waya mfupi zaidi. Nikirudisha, unashuka na kuwa mzito. Kutoka hapo sauti inaingia Monotron, kichujio kinaifunga na kuifungua, halafu inakwenda kwenye spika ya redio ya nyumbani. Mchezo huo wa kupanda na kushuka ndio unaofanya vitu hivi viwili vifanane na sampla. Tofauti ni moja: havihifadhi. Ukizima, karai zote ni tupu.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie simu. Vijana wenzangu wanaotengeneza muziki wanatumia simu, kwa programu za bure, na simu inafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi na swichi yangu ya taa. Natumia simu pia. Ila kwa umuduri, simu ilikataliwa.

Umuduri ni upinde wenye waya mmoja na kibuyu. Mpigaji anagonga waya kwa kijiti chembamba, mkono huohuo umeshika manyanga madogo, na vidole vya mkono wa pili vinaubana waya kubadili sauti. Kibuyu kiko kifuani. Akikibana kwenye mwili mlio unajifunga, akikiachia unafunguka, kama mtu anayesema na kunyamaza. Kuna mzee wa kwetu Buyenzi, mzaliwa wa milimani, anayepiga umuduri jioni mbele ya nyumba ya mwanawe. Nilipomwomba nimrekodi kwa simu alisema: “Mjukuu wangu, simu ikinishika hainiachii.”

Alikuwa na sababu. Kijana mmoja aliwahi kumrekodi, akamwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu ya utamaduni. Miezi ikapita. Siku moja mzee amekaa kwa kinyozi, redio inafungua tangazo la biashara, na chini ya maneno ya tangazo kuna umuduri. Aliutambua kwa sababu kibuyu chake kina ufa, na ufa huo unatetemeka katika sauti moja tu. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemlipa. Hela hakuzitaja sana aliponisimulia. Alichokitaja mara mbili ni hiki: “Nilikuwa ninapiga mahali ambapo simo.”

Jambo hili lina historia kubwa kuliko kinyozi wa Buyenzi. Katika miaka ya 1960 lebo ya Ocora ya Ufaransa ilitoa sahani ya muziki wa Burundi, na mlimo ngoma zetu. Mwaka 1971 sauti za ngoma hizohizo za Burundi zilizorekodiwa ziliongezewa magitaa na vinanda, zikawa wimbo ulioitwa “Burundi Black”, ukaingia kwenye chati za Uingereza. Miaka kumi baadaye makundi ya huko, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, yalijenga muziki wao juu ya mdundo huo, na mwaka 1981 Robert Palmer wa gazeti la New York Times akaandika kwamba wapigaji waliorekodiwa hawakuwa wakipata sehemu yao ya faida. Lakini unaonigusa zaidi ni wimbo wa Joni Mitchell wa mwaka 1975, “The Jungle Line”. Sampla za kidijitali kama Fairlight ya Australia zilikuwa bado hazijaingia sokoni; hiyo ilikuja 1979. Yeye alichukua kipande cha ngoma za Burundi kilichorekodiwa, kikazungushwa kama kitanzi, akaweka juu yake sintesaiza ya Moog. Sauti inayozunguka na sintesaiza: vifaa vyake na vyangu ni ndugu. Wimbo ni mzuri. Nimeusikiliza mara nyingi, na kila mara najikuta nawasikiliza watu walio nyuma, ambao hawakujua kwamba wanampigia yeye.

Ningeweza kuanza na ngoma. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, na UNESCO iliuorodhesha mchezo wa ngoma ya kifalme mwaka 2014. Lakini amri ya rais ya Oktoba 2017 inataka vikundi vijiandikishe na viombe ruhusa wizarani, na inakataza wanawake kupiga. Mimi ni mwanamke. Kama nikiushika mpigo mmoja wa ngoma kwenye pedali na kuucheza kwa kizungushio, nimepiga au sikupiga? Wenzangu wa sheria walibishana juu ya hilo saa nzima kantini na chai ikapoa. Mimi nilikwenda kwa umuduri, ambao haukuombewa ruhusa na mtu ila mwenyewe.

Nilimpelekea mzee vifaa vyangu jioni moja umeme ukiwa umekatika, redio nayo ikitumia betri zake. Kwenye kibuyu nilibandika kisahani cha shaba nilichokitoa ndani ya saa ya kengele iliyokufa. Kisahani hicho ndicho kilichokuwa kikilia asubuhi. Ukikiunganisha kinyume, badala ya kulia kinasikia. Mzee alikitazama, akauliza sauti yake inakwenda wapi. Nikamweleza habari ya karai. Akauliza tena: “Ukizima, mimi nabaki wapi?” Nikasema habaki popote. Hakuniamini. Tulishika mpigo mmoja, tukauacha uzunguke, nikazima na kuwasha. Kimya. Alinifanya nirudie hivyo mara nne.

Halafu tukapiga. Kitanzi cha sehemu tatu za kumi kinajirudia mara 200 kwa dakika, na hapo mzee aliguna kwamba mashine yangu ina haraka kama bodaboda. Lakini baada ya muda aliacha kukifuata, akawa anagonga kila marudio ya tatu, na ghafla haraka ile ikatulia chini ya mkono wake. Nilisikia kitu ambacho simu isingenionyesha. Manyanga yaliyeyuka kwanza, kwenye mzunguko wa nne au wa tano. Kisha ule ukali wa kijiti. Baada ya sekunde kama kumi kilichobaki kilikuwa kibuyu peke yake, kikipumua, na ndani yake mtetemo wa ufa. Mzee akainamisha kichwa kuusikiliza. Akapiga sauti ileile juu yake, akabana kibuyu kifuani, na huo wa ndani ukaendelea wakati yeye amenyamaza. Alicheka.

Tumepiga pamoja mara kadhaa, na mara moja kwenye jioni ya utamaduni chuoni. Huko simu zilikuwa juu kama unavyotarajia. Tulikuwa tumetangaza wasirekodi, wengine wakashusha, wengine hawakushusha. Mzee alimaliza kibao cha kwanza, akaweka kidole kwenye swichi na kukaa kimya, akiwatazama. Hakusema neno. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, jasho lilinitoka. Simu zilishuka moja moja mpaka ikabaki moja ya nyuma kabisa, na jirani yake akaishusha kwa mkono. Ndipo akawasha.

Sijui kama nyingine ilikuwa mfukoni inarekodi. Pedali haiwezi kunisaidia kwa hilo, na wala sidhani kwamba mashine ya analogi ina uadilifu kuliko ya dijitali. Inasahau kwa sababu ilitengenezwa mwaka ambao kukumbuka kulikuwa ghali. Lakini kusahau kwake kumenipa kitu cha kumwahidi mzee ambacho naweza kukitimiza mbele ya macho yake, na kwa ahadi hiyo nimeketi karibu na kibuyu chake jioni nyingi kuliko aliyekuja na simu.

Sharti lake ni moja. Pedali na Monotron vinakaa kwangu. Swichi anakaa nayo yeye, ndani ya mfuko anaobebea kijiti na manyanga, na nisipoikuta pale, siku hiyo hatupigi.